Alitumia unga miaka mingi bila kuzidiwa. Kwa nini unga huo ulimuua baada ya kutoka gerezani?

Swali

"Shikamoo daktari. Kaka yetu mkubwa alifariki siku chache baada ya kutoka gerezani. Alikutwa kwenye choo cha umma, sindano pembeni. Unga alianza kuutumia akiwa kijana mdogo na hakuwahi kuzidiwa hata mara moja, kwa hiyo hatuelewi. Wapo wanaosema aliwekewa sumu. Wapo wanaosema alijiua, maana alitoka hana kazi na mchumba wake alikuwa ameshaolewa. Sasa nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 22, na anashinda maskani na watu wale wale. Nikimwambia ataishia kama kaka, ananijibu kwamba kaka alizembea, yeye anajua kipimo chake, na kwamba haya ni mambo ya wanaume nisiyaingilie. Wajomba wanataka tumfungie ndani mpaka arosto, yale mateso ya kukosa unga, iishe. Ninaona wanaokufa karibu wote ni vijana wa kiume, tena wale wagumu kuliko wenzao. Je, wanatafuta kifo? Na mimi nifanye nini?"

Jibu

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Naanza na kifo cha kaka yako. Kikieleweka vizuri, utaona kwa nini mdogo wako anajidanganya na kipimo chake, na kwa nini mpango wa wajomba, pamoja na nia yao njema, unaweza kumpeleka kule kule.

Bila mwili kufanyiwa uchunguzi, hakuna atakayekuambia kwa uhakika kama kulikuwa na sumu au alikusudia. Lakini mtumiaji mzoefu, siku chache baada ya kutoka ndani, peke yake mahali pa kujificha, hiyo ni picha ambayo sisi tunaofanya kazi hii tunaifahamu mno, na haihitaji adui wala nia ya kujiua ili ieleweke. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliofuatilia watu zaidi ya 30,000 walioachiwa kutoka magerezani. Katika wiki mbili za kwanza za uhuru, uwezekano wao wa kufa kwa kuzidiwa na dawa za kulevya ulikuwa mara 129 kuliko wa wakazi wengine wa jimbo hilo. Ndiyo, mia moja ishirini na tisa. Tafiti za nchi nyingine nazo zimeona hatari hiyo hiyo ya wiki za mwanzo.

Sababu iko kwenye pumzi. Heroini, ambayo ndiyo unga wenyewe, pamoja na morfini na jamii yake yote, hushika sehemu ya chini ya ubongo inayoendesha upumuaji. Kwa kawaida kabonidayoksaidi, ile hewa chafu tunayoitoa, ikijaa kwenye damu, sehemu hiyo hushtuka na kukulazimisha uvute hewa, hata ukiwa usingizini. Unga huizima. Mtu anaacha kupumua kwa sababu mwili hausikii tena haja ya kupumua, ndiyo maana hahangaiki wala haombi msaada. Pumzi zinapungua, zinakuwa za mbalimbali, halafu hazipo.

Anayetumia kila siku mwili wake huzoea, na dozi ambayo ingemuua mgeni yeye inamtoa arosto tu. Mazoea hayo si mali ya kudumu. Akikaa siku kadhaa bila kutumia yanaanza kushuka, na baada ya wiki chache mwili unakaribia kuwa kama wa mtu asiyewahi kuonja. Kichwa hakijasahau lakini. Kichwa kinakumbuka dozi ya zamani, mkono unakumbuka jinsi ya kuiandaa, na kete anayopewa siku ya kwanza mtaani ni ya ukubwa ule ule. Kaka yako huenda hakuzidisha chochote. Alirudia kilekile alichokizoea, akakiweka kwenye mwili ambao haukuwa tena na kinga.

Liko jambo jingine ambalo hata wazoefu wa miaka mingi hawalijui. Mwili huzoea starehe ya unga upesi kuliko unavyozoea kupungua kwa pumzi. Kwa hiyo mtu anayeongeza dozi ili apate ile raha ya mwanzo anakisogelea kikomo cha pumzi bila kuhisi. Ukongwe haumpi nafasi kubwa zaidi, unampunguzia. Na mahali pia pana uzito wake. Mwaka 1982 mtafiti Shepard Siegel na wenzake walichapisha jaribio la panya waliokuwa wamezoeshwa heroini, kisha wakapewa dozi kubwa inayofanana. Waliodungwa katika chumba walichozoea kupewa heroini walikufa takriban theluthi moja. Waliodungwa katika chumba kingine walikufa karibu theluthi mbili. Mwili hujiandaa kwa dawa unapoona mazingira uliyoyazoea, na mahali pageni haujiandai. Choo cha umma, kwa haraka, kwa kujificha, kwa mtu aliyetoka kukaa muda mrefu gerezani, ni mahali pageni.

Sasa kuhusu vijana wa kiume. Umeona sawasawa. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, takriban watatu kati ya kila wanne wanaokufa kwa dawa za kulevya ni wanaume. Wanawake hawako salama. Wengi hudungwa na wapenzi wao, wakiwa wa pili kuitumia sindano hiyo hiyo, na aibu huwaweka mbali na kliniki. Lakini wengi wa wanaozikwa ni wanaume, na wengi wao ni wale ambao shule iliwatema, kazi hawana, na polisi wanawajua kwa majina.

Wengine watakuambia ni ujinga wa ujana. Mimi sikubali. Vijana hawa wanajua hatari kuliko wewe na mimi, wamewabeba wenzao. Tatizo ni kwamba kwao hatari ina kazi inayoifanya. Philippe Bourgois, mwanaanthropolojia aliyeishi miaka kadhaa East Harlem, New York, katika miaka ya 1980 kati ya vijana waliokuwa wakiuza kokaini ya kuvuta, alieleza jambo hili vizuri. Baba zao na babu zao walipata heshima ya kiume kiwandani na shambani. Viwanda vilipoondoka, kazi iliyobaki ilikuwa ya kutumwa maofisini, ambako lugha yao, mavazi yao na hata kutembea kwao kulichekwa. Mtaani palikuwa na heshima ya aina nyingine. Mwanaume ambaye hana mshahara, hana nyumba, hawezi kuoa, hana cha kuweka mezani ili ahesabiwe isipokuwa mwili wake: maumivu anayoweza kuyameza, sindano anayoweza kuivumilia, polisi anayeweza kumkimbia. Kwa hiyo anauweka mwili.

Ndiyo maana mabango ya kutisha hayafanyi kazi kwa watu hawa. Ukimwambia kijana wa namna hii kwamba unga unaua, umemwambia anachofanya kinahitaji moyo. Tena zikivuma habari kwamba mzigo fulani umeua mtu, wapo wanaoutafuta, kwa hoja kwamba basi huo ndio wenyewe.

Lakini sitaki uondoke hapa ukidhani uanaume kwa ujumla ndio ulioua, maana hilo halikusaidii kitu na mdogo wako hatakusikiliza. Tazama ni wapi hasa uanaume huo unaugusa mwili. Aliyetoka gerezani, hospitali au soba hausi (nyumba ya kukaa watu wanaoacha dawa za kulevya) anachopaswa kuwaambia wenzake ni sentensi moja: mwili wangu sasa ni mwepesi, nianze na kidogo sana, na mmoja wenu akae nami. Na hiyo ndiyo sentensi ambayo maskani haimruhusu kuitamka. Anayerudi anapokelewa kama mkubwa. Anatengenezewa dozi ya mkubwa. Kuomba nusu ni kukiri kwamba kule ndani alilegea.

Niliwahi kumwuliza kijana mmoja aliyekuwa ametoka wiki hiyo hiyo: wenzako wanajua umetoka? Alikuwa amekaa kofia imefunika macho, mikono katikati ya magoti. Akasema wote wanajua, walimfanyia sherehe. Nikamwuliza, wanajua kwamba kule ndani hukugusa kitu? Akacheka, akatazama mlango, akasema, "Hiyo daktari siwezi kuisema. Nitaonekana mtoto." Alikuwa na habari moja inayoweza kumwokoa na hakuwa na mtu wa kumpa. Wengine wa aina yake hulikwepa hilo kwa kwenda kutumia peke yao. Na aliye peke yake hana wa kumgeuza.

Kwa hiyo, je, wanatafuta kifo? Wengi hapana. Wanatafuta kuhesabiwa, na njia iliyobaki inapita karibu na kaburi. Lakini wapo ambao baada ya misiba na vifungo hawajali tena kama wataamka kesho, na huko si mbali na kujiua. Usikisie. Mwulize mdogo wako waziwazi, mkiwa wawili: tangu kaka afariki, umewahi kuwaza bora na wewe ufe? Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, au akisema hajali, hilo ni jambo la kumpeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyo hiyo.

Nije kwa wajomba. Kumfungia ndani wiki mbili tatu kutamtoa arosto, ni kweli. Kwa mtu mzima mwenye afya, arosto ya unga peke yake mara nyingi haiui, ingawa kutapika na kuharisha kunaweza kummaliza maji mwilini. Kama anachanganya na pombe au vidonge vya usingizi, kumkatisha ghafla nyumbani kunaweza kumletea degedege na kifo. Hapo msijaribu kabisa. Lakini hofu yangu kubwa ni siku mtakapofungua mlango. Atatoka na mwili mwepesi, hasira, na kiu ya kuonyesha kwamba hajavunjwa. Mtakuwa mmemtengenezea kifungo kile kile alichotoka nacho kaka yake. Kipigo nacho hakishushi utumiaji. Kinamfundisha kujificha vizuri zaidi.

Soba hausi nzuri inaweza kumsaidia anayetaka mwenyewe, na nimeona waliosimama kwa njia hiyo. Ila mwulize msimamizi swali moja kabla ya kulipa chochote: mtu wenu akimaliza programu na kurudia, mmemwandaaje? Mwaka 2003 watafiti wa London walifuatilia wagonjwa waliopitia programu ya kuacha heroini hospitalini. Waliokufa kwa kuzidiwa katika miezi minne ya kwanza wote walitoka katika kundi la waliomaliza programu vizuri. Hao ndio waliokuwa wamepoteza mazoea ya mwili. Kama msimamizi hana jibu zaidi ya maombi na ahadi, tafuta pengine.

Kwa kijana anayejidunga kila siku, chaguo ninaloliweka mbele ni methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa unga zilizo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Mgonjwa anakunywa methadoni kwa kipimo kinachojulikana, haimlewi ikishapangwa sawa, arosto haimwamshi usiku, na mazoea ya mwili hayashuki. Utasikia watu wakisema ni kubadilisha unga kwa unga. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watu walio kwenye methadoni walikufa kwa kiwango cha takriban theluthi moja ya kile cha waliotoka kwenye tiba. Kasoro zake nitazisema pia. Wiki za kwanza za kuanza zina hatari, maana kipimo hupandishwa polepole na wengine hujazia kwa unga. Wiki za kwanza baada ya kuacha tiba ghafla ni hatari vilevile. Na kliniki nyingi hutaka afike kila siku, jambo ambalo kijana wa kiume huliona kama kupanga foleni ya aibu. Mwambie nimekiri kwamba linachosha.

Akikataa yote hayo, bado yapo ya kufanya. Pale maskani pawe na naloksoni. Hii ni dawa inayouondoa unga kwenye ubongo kwa muda na kuirudisha pumzi. Huwekwa puani au huchomwa kwenye msuli wa paja, na asiyetumia unga haimdhuru. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri ipatikane hata kwa wasio wahudumu wa afya, yaani wale wanaoweza kuwapo mtu anapozidiwa. Scotland ilianzisha mpango wa kitaifa wa naloksoni mwaka 2011, na wafungwa wanaotoka wakawa miongoni mwa wanaopewa. Ulizia kliniki ya methadoni au mashirika yanayohudumia wanaojidunga. Hao ndio kwa kawaida wanajua inapatikana wapi na kwa utaratibu gani.

Hapo pia ndipo pa kumshika mdogo wako. Usianze na "acha, utakufa." Mweleze kaka alikufaje, kama nilivyoeleza hapa: hakuzembea, mwili ulikuwa mwepesi na hakuwa na mtu. Mwondolee kaka lawama ya uzembe, maana ndiyo anayoitumia kujihakikishia kwamba yeye ni tofauti. Kisha mwulize: wenu mwingine akitoka ndani, nani atamwambia aanze na kidogo? Nani kati yenu anajua kumpulizia mtu pumzi? Vijana wa maskani wanabebana, wanachangiana, hawamtupi mwenzao. Jukumu la kuwa yeye ndiye anayejua halimvui uanaume, na nimeona wengi wakilishika kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha kwa ushauri wa kuacha. Kuna wanaotoka hapo wakauliza wenyewe habari za methadoni. Si wote.

Kuhusu kipimo anachodai kukijua, mwambie hivi: anachokijua ni ukubwa wa kete, hajui kilichomo. Unga wa mtaani siku hizi unaweza kuchanganywa na fentanili, dawa ya maumivu ya jamii hiyo hiyo ya morfini, ambayo nguvu yake ni takriban mara 50 ya heroini, au na kundi jipya liitwalo nitazini, ambalo baadhi yake ni kali zaidi ya hapo. Na kuchanganya unga na pombe au vidonge vya usingizi hufanya dozi ya kawaida iue, kwa sababu vyote vinakandamiza pumzi ile ile.

Dalili za kuzidiwa wazijue wote, na wewe pia. Haamki ukimwita na kumsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Midomo na kucha vinakuwa vya bluu au vya kijivu. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Pumzi ni za mbalimbali, au anakoroma kwa sauti nzito ya kukwama. Mkoromo huo umeua wengi, kwa sababu wenzake husema mwacheni alale, amekolea. Kuzidiwa mara nyingi hakuui papo hapo. Hapo katikati kuna muda wa kumwokoa, na muda huo hupotea wenzake wakidhani amelala tu. Pigeni simu ya dharura, mlazeni chali, inueni kidevu, mzibeni pua na mpulizieni mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde tano. Wekeni naloksoni kama ipo, na mrudie baada ya dakika mbili au tatu akiwa bado. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuzeni ubavu. Asimwagiwe maji, asinyweshwe maziwa, asidungwe chumvi, asitembezwe. Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90 tu, na unga unaweza kumrudia akiwa peke yake, kwa hiyo asiachwe, na asiruhusiwe kutumia tena kuituliza arosto atakayoamka nayo. Ataamka na matusi. Mvumilieni.

Watasita kupiga simu kwa kuogopa polisi, na hofu hiyo ina msingi mahali pengi, sitaipuuza. Mnapopiga semeni kwanza kwamba mtu hapumui na mko wapi. Hayo yanatosha kuileta gari.

Mpeleke hospitali bila kungoja kama ana homa, uvimbe au usaha alipojidunga, kifua kinachobana, au kama ameshawahi kuzidiwa mwezi huu. Akikubali kwenda kliniki, apimwe pia virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya C; siku hizi hiyo ya pili hutibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Nenda naye siku ya kwanza, umsindikize hadi mlangoni, halafu mwache aingie peke yake na kuongea na mhudumu bila wewe. Kama mhudumu wa kwanza atamdharau, na wapo, omba mwingine. Na wewe mwenyewe, uliyemzika mmoja na unamlinda wa pili, zungumza na mshauri hapo hapo kliniki mkiwa mnasubiri. Huduma hiyo ipo kwa ajili ya ndugu pia, ila huwa haitangazwi, inabidi uiombe.